Nyaya Nane za Mjomba

9 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, na mzigo wangu umefika na idadi ile ile uliyoihesabu mwenyewe mlangoni, pamoja na ule mwavuli niliosema sitaubeba. Mwambie Mama chumba nilichopata kina dirisha, na mlango unafungwa kwa ufunguo. Najua hayo mawili ndiyo yanayomsumbua. Mwenye nyumba ni fundi cherehani, mama mtu mzima. Hana shida na mtu, isipokuwa hataki viatu vipite kwenye kibaraza chake kikiwa kimepigwa deki.

Kwa kuwa masikio yako yamegoma kusikia simu, nitakuandikia kama ulivyotaka. Inachekesha kidogo kwamba mtu aliyevuta kebo maisha yake yote ili watu wazungumze, leo anamsubiri mtu wa posta. Usininunie, nakutania.

Kazi yenyewe ni jengo jipya la hospitali, ghorofa nne. Tuko mafundi kumi na wawili, wanawake wawili. Wengine wanavuta kebo za mtandao darini, mimi nimewekwa kwenye kufunga vichwa, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, na kugonga nyaya kwenye visanduku vya ukutani. Msimamizi wetu wanamwita Rula kwa sababu hatembei bila rula mfukoni. Ukiacha kebo ikiwa imechunwa sentimita moja zaidi, anaipima, anakuangalia, halafu anaikata.

Siku ya kwanza kila mtu alitandika vifaa vyake mezani. Wenzangu wana makoleo mapya yenye vishikio vya rangi. Mimi nikatoa lile koleo lako la kubania vichwa, lililozungushiwa kitambaa kwenye mpini. Fundi mmoja akauliza kama lilikuwa la kung'olea meno, wakacheka. Rula akalichukua, akaangalia meno yake kwenye mwanga, akasema aliyelitunza koleo hili anaijua kazi. Kicheko kikaisha. Nilitembea na sifa hiyo siku nzima.

Nipo kwenye majaribio ya miezi mitatu, mpaka tarehe tano Mei. Nikipita, naajiriwa kabisa. Niombee.

Mpwa wako

24 Februari

Kwako Bi Maswali,

Marahaba. Barua yako ilifika jana, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti nyumbani kwa mama yako, maana miwani yake haijulikani iko wapi. Goti lake linamsumbua asubuhi, jioni anatembea kama kawaida na kugombana na kila mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Bati langu la upande wa jikoni limeanza kuvuja. Nimeweka ndoo.

Nimefurahi kusikia koleo limeheshimiwa. Usimwazime mtu. Koleo la kubania vichwa ni kama mswaki, halina mkopo. Na ule wembe wa kuchunia ganda la kebo, zungusha mara moja tu, usikandamize. Ukikandamiza unaichubua shaba ndani, na shaba iliyochubuliwa haitakuambia leo. Itakuambia mwakani, wewe ukiwa umeshasahau. Kisha kabla hujabana, sukuma nyaya mpaka zigote mwisho wa kichwa, uzione ncha zake nane zikikutazama. Hayo yote nilishakufundisha, lakini mzee ameachiwa kazi moja tu, ya kurudia.

Mimi sijafunga laini hata moja tangu mkazamjomba wako alipotutoka. Watu bado wananifuata. Juzi alikuja tena mwalimu mkuu wa sekondari, yule mama mrefu, kuhusu chumba chao cha kompyuta nilichokifunga mimi. Nikamwambia mikono imechoka. Akanitazama mikono, akaondoka. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja na ndoo.

Fanya kazi, kula, lala. Kama wakikucheka tena, cheka nao, halafu wapite kwa kazi.

Mjomba wako

12 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mama nimempelekea miwani kwa mkono wa jirani yake aliyekuwa huku, mwambie hii aifunge uzi aivae shingoni. Fundi cherehani wangu anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mjomba anayeandika barua siku hizi ni wa kutunzwa.

Sasa nikuambie lililonikuta. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Wiki iliyopita ililetwa mashine kubwa ya kupimia. Si testa kama yetu ya taa nane. Hii inasukuma mzigo mzito kwenye kebo na kuona kama unafika upande wa pili bila kupotea. Ghorofa ya tatu nimefunga laini arobaini na sita. Kwenye testa ya taa zote zilikuwa safi, moja mpaka nane, kwa mpangilio. Kwenye mashine kubwa zilianguka arobaini na moja. Zile tano zilizopita ni fupi, za chumba cha karibu.

Rula alikata kichwa kimoja akakiweka mbele ya wote. Akaniuliza kwa nini nimezipanga nyaya hivi. Nilizipanga kama ulivyonifundisha: kila waya na mwenzake wa jozi, chungwa na chungwa, kijani na kijani, bluu na bluu, kahawia na kahawia. Mtu na mwenzake, ulikuwa ukisema. Akasema sivyo. Jozi ya kijani hutenganishwa, mmoja anakaa wa tatu na mwenzake wa sita, na bluu wawili wanakaa katikati yao. Kifaa kinategemea wa tatu na wa sita wawe wamesokotwa pamoja ndani ya kebo. Mpangilio wangu unawafanya watu wa jozi mbili tofauti wabebe mzigo mmoja, na kelele za jirani zinaingia. Kwenye laini fupi yenye mzigo mdogo hutagundua. Kwenye ndefu picha ya mfupa uliovunjika inakwama njiani na daktari anakaa anasubiri.

Nilielewa palepale, na niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Akauliza nani alinifundisha hivyo. Wote walikuwa wananitazama, na lile koleo lako lilikuwa mezani. Nikasema hakuna, niliubuni mwenyewe.

Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Kwenye fomu ya maombi niliandika kwamba nimefanya kazi miaka minne chini ya fundi. Rula ana fomu hiyo. Amesema laini zitarudiwa, hilo halimsumbui, lakini kati ya fomu na mdomo wangu kimoja ni uongo, naye hamwajiri mtu asiyejua anasema kweli wapi. Anataka barua kutoka kwa fundi huyo kabla ya tarehe tano Mei, ieleze alinifundisha nini. Isipofika, naondoka.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja tu. Ulinifundisha mpangilio ule, au mimi ndiye niliyeelewa vibaya?

Mpwa wako

28 Machi

Kwako Bi Maswali,

Marahaba. Miwani imefika na uzi umefungwa. Sasa mama yako anaona kila kitu, na tunajuta. Ndoo imekuwa mbili. Fundi wa bati alikuja akapanda juu, akashuka, akasema anarudi kesho, na kesho yenyewe ina siku tisa.

Nimeisoma barua yako. Hao wenye mashine kubwa siku hizi ni wengi. Mimi nilifunga laini miaka ishirini na sita, benki, maduka, shule, na taa zote nane ziliwaka. Hakuna aliyewahi kunirudishia kichwa mezani mbele ya watu. Kebo zenyewe siku hizi ni nyembamba, shaba wanachanganya, halafu lawama anabebeshwa fundi. Waulize kebo hiyo wameinunua wapi.

Mwambie huyo Rula ulisoma kwa mtu. Asipokuamini, rudi nyumbani. Hakuna aliyekufukuza hapa, chumba chako kipo, na hakivuji.

Mama yako anauliza kama unavaa nguo za kutosha asubuhi. Nimemwambia unavaa.

Karatasi imeisha, nitaishia hapa.

Mjomba wako

9 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mwambie navaa.

Karatasi yako haikuwa imeisha. Nyuma ilikuwa nyeupe yote.

Sikuandika kukushtaki. Wewe ndiye uliyeniambia kuuliza si ujinga, na nilipokuwa nakuuliza mambo kumi kwa saa ulinijibu kumi na moja. Hili moja umeliruka. Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta jibu kati ya ndoo na bati, halipo.

Laini zote arobaini na sita nimezirudia kwa mkono wangu, baada ya saa za kazi, bila malipo, na zimepita. Sasa nafahamu mpangilio sahihi hata nikifumba macho. Kwa hiyo si ufundi ninaouomba. Naomba mistari miwili tu, kwamba mimi nilikuwa mwanafunzi wako na hivi ndivyo ulivyonifundisha. Rula amesema mtu aliyefundishwa vibaya anafundishika upya. Anayemshinda ni anayejificha.

Nilidanganya kwa sababu yako, na sitaki ujisikie vibaya kwa hilo, nilichagua mwenyewe. Ningesimamaje mbele ya watu kumi na mmoja niseme aliyenishika mkono alikosea? Baba sikumjua. Niliyemjua ni wewe, na koleo lako, na mkazamjomba kwenye kile kiti kifupi pembeni yako. Kama nilielewa vibaya, niandikie hivyo, nitabeba kosa langu. Lakini niandikie.

Zimebaki siku ishirini na sita, na posta inakula kumi.

Mpwa wako

26 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mengine ya nyumbani nitayaacha leo, maana nimegundua nikianza na bati nitaishia kwenye bati.

Hukuelewa vibaya. Nilikufundisha hivyo hivyo, neno kwa neno.

Sasa nikueleze kwa nini. Nimeichana karatasi mara tatu, hii ya nne naiandika asubuhi kabla sijapata akili ya kuichana. Mimi sioni rangi. Bluu naiona vizuri. Chungwa, kijani na kahawia, kwangu hao ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na sijawahi kuwatofautisha tangu nizaliwe. Ndiyo maana mkazamjomba wako hakuwa akinituma nyanya. Alinituma mara moja, mwezi wa kwanza wa ndoa, nikamletea mbichi tupu. Alidhani ni ujeuri.

Fundi aliyenifundisha mimi alinipa mpangilio sahihi, ule wa Rula wako. Lakini ili umtenganishe kijani na mwenzake lazima umjue ukimwona. Mimi nikishazifungua zile jozi, nyaya zikatawanyika, nilikuwa nimepotea. Nikabuni wa kwangu: sizitenganishi kabisa, kila waya abaki na mwenzake aliyesokotwa naye, hapo angalau najua nani ni wa nani. Tatizo likabaki moja, jozi ipi itangulie, maana pande mbili za kebo lazima zifanane. Nilikuwa nafunga upande mmoja, nakwenda upande wa pili, taa zinakataa, nakata, narudia. Vichwa vilikuwa vinaisha kwa kopo. Nilikuwa karibu kuiacha kazi.

Mkazamjomba wako aligundua bila kuambiwa. Alikuja siku moja kuniletea chai kazini, akakaa pembeni, akanitazama nikikata kichwa cha nne. Akainama, akagusa waya kwa kidole, akasema, "Huyu ni kijani." Kuanzia siku hiyo akaja kila siku. Watu walisema mke wa fundi ana wivu, hambanduki. Wewe mwenyewe, ulipoanza kuja, ulidhani anakaa pale kwa mapenzi tu, akizitajataja rangi kama mtu anayeimba. Ni kweli yalikuwa mapenzi. Lakini yalikuwa pia macho yangu.

Utaniuliza, kama alikuwepo, kwa nini sikurudi kwenye mpangilio sahihi. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na halina mkazamjomba ndani yake. Nilimwambia mpangilio ndio huo. Kumwambia vingine ilikuwa ni kukiri kwamba kazi zote za nyuma nilizifunga vibaya kwa kujua. Taa nane zilikuwa zinawaka, wateja wanalipa, nikanyamaza. Kisha ukaja wewe, mwenye macho mazima, nami nikakufundisha njia ya mtu asiyeona rangi bila kukuambia kuna njia nyingine. Hilo silisamehe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilipata mtoto wa kumrithisha, nikamrithisha kile nilichokificha.

Alipofariki watu walisema nimeacha kazi kwa majonzi. Niliwaacha waseme. Majonzi yalikuwepo, na bado yapo. Lakini wiki mbili baada ya mazishi niliitwa kufunga laini moja tu, ya duka. Nikachuna, nikafungua jozi, nikanyoosha nyaya. Nikasubiri. Nilikaa vile mpaka mwenye duka akaniuliza nasubiri nini. Nikakusanya vifaa nikarudi nyumbani.

Barua yako ya mwisho ilipofika nilikwenda sekondari. Nilimkuta mwalimu wa kompyuta akifundisha nusu ya darasa, nusu wako nje kwenye jua. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mashine zote zikiwashwa kwa pamoja mtandao unakata, kwa hiyo wanapokezana, miaka mitano sasa. Alikuwa ameshalaumiwa yeye, umeme na kampuni ya mtandao. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia ni mvua. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia laini zile nilizifunga vibaya mimi, na nilijua. Alivuta kiti nikakaa, na akanisema kweli kweli. Nilistahili. Nilimwahidi zitarudiwa, ingawa sijui zitarudiwa na nani.

Nimeambatanisha barua ya Rula. Si mistari miwili, ni kurasa mbili, na ina kila kitu nilichokuandikia hapa isipokuwa mkazamjomba wako na nyanya zake. Nitaipeleka posta mwenyewe na nitalipia ile ya haraka. Kama akitaka kuisoma mbele ya mafundi wote, aisome.

Ulinilinda mbele ya watu. Mimi nilipaswa kukulinda wewe.

Mjomba wako

6 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua ilifika tarehe nne saa nne asubuhi, ikaletwa na fundi cherehani mwenyewe mpaka getini. Alitembea na kandambili zake akisema barua ya haraka haisubiri mtu atoke kazini. Nilisoma yangu nyuma ya rundo la mabomba. Nililia, sitakuficha. Nililia kwa sababu niliwahi kumwambia mkazamjomba anapiga kelele, anyamaze nifanye kazi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Alicheka, akaendelea kuzitaja.

Ya Rula nilimpelekea ikiwa imefungwa. Aliisoma akiwa amesimama, ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Sikuona amekunja uso wala amekunjua. Akaikunja akaiweka mfukoni pamoja na rula yake, akasema niendelee na ghorofa ya nne. Jana, tarehe tano, akaniita ofisini nikasaini mkataba. Aliniambia nisidanganye tena kumlinda mtu, kwa sababu mtu huyo anaweza kuwa hodari kuliko ninavyodhani. Halafu akasema asiyefunzwa vizuri na mjomba hufunzwa na Rula. Kumbe analijua jina lake, na sisi tulijiona wajanja.

Nimeomba likizo ya siku kumi mwishoni mwa Juni, amenipa. Mwambie mwalimu mkuu anitafutie ngazi na aniachie chumba cha kompyuta wikendi mbili. Vichwa nitanunua huku, vya huko siviamini. Wewe utachuna na kubana, maana mkono wako bado unanishinda. Mimi nitapanga. Bati tutazungumza nikifika.

Hasira ninayo kidogo, Mjomba. Nakuambia ili ujue, isije ikajificha nayo. Itaisha.

Nilipokuwa natoka ofisini, Rula aliniuliza jambo. Alikuwa ameitoa tena ile barua yako. Akasema hili moja halimwingii akilini: mtu asiyejua kijani wala kahawia aliwezaje kufunga nyaya miaka ishirini na sita, pande mbili zikafanana kila mara.

Nikamwambia alikuwa na mke.

Mpwa wako